Muheme na Historia Iliyopunjwa

Tangu Pendo na Leah Zawose watoe albamu ya Maisha mwaka 2024 kupitia lebo ya Real World, dai moja limeshika kasi: kwamba mwanamke wa Kigogo hakuwa na ala mikononi mpaka juzi. Dai hili lina punje ya ukweli. Zeze, ala ya nyuzi, na ilimba, ala ya vidole, zilikuwa mali ya wanaume, na katika kundi la mwanamuziki Hukwe Zawose wanawake wa ukoo walibaki waitikiaji. Lakini marufuku ya zeze haikuwa marufuku ya ngoma. Anayeyachanganya mawili hayo anaifuta muheme, ngoma ya wanawake, na muheme ndiyo inayopaswa kufungua historia hii.

Habari za Hukwe zinajulikana: kuzaliwa Dodoma mwaka 1938, kuitwa na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam, Chuo cha Sanaa Bagamoyo, albamu ya Tanzania Yetu mwaka 1985, safari za Ulaya, kifo mwaka 2003. Sauti yake ilistahili kila sifa iliyopewa. Tatizo ni kwamba sifa hizo zimegeuzwa kuwa historia ya Wagogo wote.

Muheme hupigwa na wanawake. Mpigaji huibana ngoma kati ya mapaja, akaichapa kwa viganja, huku ngoma kubwa ikiongoza na ndogo zikishikilia mwendo. Kwao ilikuwa unyagoni, wasichana wanapofundwa. Kiongozi wa muheme hakuwa mburudishaji tu. Ngoma yake ilikuwa sehemu ya mafunzo yenyewe, na ujuzi huo ulirithishwa na wanawake kwa wanawake, bila chuo.

Kwa nini basi sifa zilielekea kwingine? Wataalamu waliovutiwa na Ugogo walisikia kwanza sauti. Gerhard Kubik alieleza jinsi mfumo wa noti za Kigogo unavyotokana na mvumo asilia wa sauti, na kazi yake ilijibu vizuri wale waliodhani uimbaji wa sauti nyingi lazima uwe umeletwa na kanisa. Polo Vallejo, mtunzi wa Hispania aliyelelewa na muziki wa noti wa Ulaya, alikwenda Nzali akachambua muziki wa kijiji kwa uzito uleule ambao wenzake huwapa watunzi wakubwa. Naiheshimu kazi hiyo.

Hata hivyo, makala ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote husomwa na wachache: ile ya Kedmon Mapana, mzaliwa wa Chamwino, iliyochapishwa mwaka 2007 kuhusu mabadiliko ya mitindo ya uchezaji wa muheme. Anaitazama ngoma ikibadilika mikononi mwa watu walio hai. Wapo wanaosema muheme ikishapanda jukwaani imekufa. Hoja hiyo siikubali hata kidogo. Wanaoulilia unyago waende kwenye tamasha la muziki wa Cigogo, lililoanza Chamwino mwaka 2009, wawatazame mabibi na wajukuu wakipokezana zamu.

Ugogo pia haukuwahi kuufungia muziki wa nje mlango. Patrick Balisidya wa Mvumi alikwenda mjini akaunda bendi ya Afro 70, akatia ladha ya kwao katika dansi ya magitaa, na mwaka 1979 akarekodi Sweden na kundi la Archimedes. Miaka 45 baadaye, mmoja wa watayarishaji wa Maisha ni Tom Excell, kiongozi wa Nubiyan Twist, kundi la Uingereza linalochanganya jazi na midundo ya Afrika. Pendo na Leah hawakufika kwake kama wanagenzi wa midundo. Walitoka katika jamii ambayo mwanamke ndiye bingwa wa ngoma.

Kwa hiyo tuusifu ujasiri wao kwa jina lake: wameshika zeze na ilimba zilizokuwa za wanaume, na wamesimama mbele. Ngoma hakuna aliyewapa. Na vyuo vyetu vinapofundisha muziki wa Dodoma, somo la kwanza liwe muheme, na mwalimu wa kwanza awe mwanamke anayeipiga.