Bastola, Mkono na Kiganja

Katika mji wa Dar es Salaam mna mtaa uitwao Upanga, na upanga ni silaha ishikwayo kwa mkono mmoja. Nalitaja jina hilo kwa kuwa ushikaji wa bastola ulirithiwa kwa upanga. Mpanda farasi wa Ulaya wa karne ya 16 alishika hatamu kwa mkono mmoja. Mkono wa upanga ndio uliopokea bastola. Farasi aliondoka vitani, lakini desturi ikabaki: katika Michezo ya Olimpiki, ambako kulenga shabaha kwa bastola kulianza mwaka 1896, hata leo sharti ni mkono mmoja.

Neno lenyewe nalo lina safari yake. Asili ya bastola ni pistola ya lugha za Ulaya. Walakini maneno tuliyoyapokea kwa Wareno, kama pipa na pera, yamehifadhi sauti ya p. Kugeuka kwa p kuwa b kwaelekea kuonyesha kwamba neno hili lilipitia vinywani mwa Waarabu, wasio na sauti hiyo, likafuatana na risasi na baruti.

Bunduki haikuwa na shaka. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, si mbali na Upanga, yaishika kwa mikono miwili. Kwa bastola mabadiliko yalienea kutoka California, Marekani, ambako mwishoni mwa miaka ya 1950 askari polisi Jack Weaver alishinda mashindano kwa kutumia mikono miwili, na Jeff Cooper akaifundisha njia hiyo kwa wengine.

Sasa tuieleze kwa Kiswahili. Kiganja cha kwanza hushika mpini juu kabisa, na kidole cha shahada hunyoshwa ubavuni, nje ya kifyatulio, mpaka mtu aazimie kupiga. Kiganja cha pili hujaza nafasi iliyobaki, na vidole vyake huvifunika vya kwanza. Magumba yote mawili huelekea mbele, upande mmoja. Gumba likipita nyuma ya bastola ndogo, chuma cha juu kirudipo hulichana. Hivyo mtutu hauinuki sana risasi itokapo.

Msomaji ataona kwamba sikuweza kusema "mkono". Neno hilo hutaja kiungo chote, toka begani hata ncha za vidole. Mtu aweza kuikunja mikono au kuinyosha, huku viganja vimeshikana vile vile. Tangu mwaka 1921 hadi 2021 ni miaka mia. Na ni katika mwaka huo wa 2021 ndipo Kiswahili kilipofanywa kwa sheria kuwa lugha ya mahakama za Tanzania. Shahidi asemaye "alimshika mkono akiwa na bastola" hajatuambia kama alizuia kiganja au bega, na uhuru wa mtu waweza kutegemea tofauti hiyo.

Hatuhitaji kukopa neno. Kiganja tunalo, yafaa walimu wa shabaha, wakalimani na mahakimu walitumie.