Diski ya bei poa na sauti ya babu

Najua nimeadimika. Mitihani ilibana, halafu nikaenda nyumbani Haydom kumzika babu yangu, mzaa baba. Nimerudi chuoni hapa Dodoma juzi. Leo naandika historia, si ndiyo niliyokuja kusomea? Ila ni historia ya kitu kinachoingia mfukoni: diski ya nje ya kompyuta.

Likizo ndefu iliyopita nilikuwa Haydom nikirekodi wazee kwa ajili ya risachi yangu. Kwa mtu wa historia kule ni dhahabu. Ukizunguka Mbulu na Hanang utakuta Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga wa Kiniloti, Wabantu kama Wanyiramba na Waisanzu, na bonde la Yaeda wako Wahadzabe na lugha yao ya vidoko. Babu akawa wa kwanza kukaa mbele ya simu yangu. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, hicho kidude kinakula maneno yangu yote?" Nikamwambia kinakula yote. Akacheka, akaanza kusimulia jinsi wazee wake walivyoteremka kutoka Mama Issara kutafuta malisho.

Saa moja ya sauti safi ya WAV inakula kama megabaiti 600. Nilipofikisha saa sabini, laptopu yangu ya mtumba ikagoma. Imejaa. Ndipo likaja wazo la diski ya nje, tena ya bei poa, maana bumu mnalijua wenyewe.

Sasa tazameni tulikotoka. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955. Mwaka uliofuata, 1956, kampuni ya IBM ya Marekani ikatoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ngumu. Diski hiyo ilikuwa na sahani 50, kila moja upana wa sentimita 61 hivi, na kabati lake lilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Mtambo mzima ulikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi. Humo ndani ziliingia herufi milioni 5 tu, sawa na megabaiti 3.75. Nimepiga hesabu: kwa sauti kama ya kwangu, zingeingia sekunde ishirini na kitu za babu. Hata kikohozi cha kuanzia asingekimaliza.

Na hapa kwetu je? Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Masharti yalikuja kulegezwa baadaye sana. Kwa hiyo wakati wenzetu wanapata diski ndogo ya kwanza ya Seagate ya megabaiti 5, mwaka 1980, kwetu kuiagiza tu ilikuwa kesi.

Kilichoshusha bei ni fizikia. Mwaka 1988 Albert Fert na Peter Grünberg, kila mtu na maabara yake, waligundua kwamba tabaka nyembamba sana za chuma hubadili mno ukinzani wa umeme zikiguswa na sumaku. Kuanzia 1997 jambo hilo likatumika kwenye vichwa vya kusomea diski, data nyingi zikabanwa mahali padogo. Mwaka 2007 mabwana hao wakapewa Nobeli, na mwaka huohuo Hitachi ikatoa diski ya kwanza ya terabaiti moja. Bei iliendelea kushuka, ingawa mwaka 2011 mafuriko ya Thailand yalizamisha viwanda na diski zikapanda bei dunia nzima.

Haya, turudi kwangu. Mfukoni nina laki moja na ishirini. Dukani terabaiti moja ya kueleweka inazidi hapo. Nje, kijana mmoja ana "terabaiti mbili" kwa elfu sabini. Nzito mkononi, inang'aa, boksi safi. Nikaichomeka, kompyuta ikasoma terabaiti mbili. Jamani, nani angekataa?

Kosa la kwanza ni kuinunua. Kosa la pili ndilo linaloniuma: sikunakili mafaili, nilikata na kubandika. Laptopu ikapumua, na mimi nikalala.

Babu alipofariki, baba akaomba nicheze sauti yake kwenye matanga. Nikasafiri na diski yangu, Singida, Katesh, Basotu, hadi nyumbani. Mafaili ya kwanza yakafunguka. Yale ya mwisho, majina yapo, ukibofya hakuna kitu. Simulizi ya Mama Issara ilikuwa huko mwishoni. Nikafungua kasha kwa bisibisi: memori kadi ya gigabaiti 32 imegundishwa kwa gundi, na nati mbili za kuongeza uzito. Kadi ilikuwa imechezewa ili idanganye ukubwa wake. Baba alinitazama, hakusema neno.

Kilichotuokoa kidogo ni mtoto wa shangazi. "Kaka, ile ya babu akiomba slufay nilijikopia kwenye simu. Bibi anapenda kuisikiliza jioni." Tukaicheza hiyo. Babu akaongoza dua, na wazee waliokuwa matangani wakamwitikia kana kwamba yupo. Bibi akafunga macho.

Ndiyo maana nasema, zamani diski ilikuwa ghali mno kiasi kwamba ilikuwa na chumba chake na watu wa kuilinda. Siku hizi ni rahisi, tumeacha kuiogopa, tunaweka uhai wetu wote kwenye moja tu. Bei poa faida yake si ukubwa. Faida yake ni kwamba unaweza kununua mbili.

Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo, chukua ndogo ya kweli kwenye duka lenye risiti. Terabaiti moja halisi kompyuta itaonyesha kama gigabaiti 931, hapo hujaibiwa, ni tofauti ya kuhesabu tu. Kabla ya kuiamini, ijaze yote kwa programu ya bure kama H2testw, ambayo inaandika kisha inasoma tena; feki itaumbuka. Na usifute kwenye laptopu mpaka nakala ziwe mbili, sehemu mbili tofauti.

Mimi nimenunua mbili za gigabaiti 500, kwa kukopa kwa rumeti. Moja ninayo hapa, nyingine iko Haydom kwenye sanduku la bibi, na faili la kwanza ni ile slufay. Simulizi ya Mama Issara imekwenda na mwenyewe. Kuna mdogo wake babu bado yupo. Bumu likitoka tu, napanda basi.