Kabla Hujaitupa Kompyuta Yako ya Gemu: Vita ya Miaka 40 Iliyokupa Haki ya Kuifungua

Kila kitaa kina mshkaji mmoja anayecheza gemu kwenye kompyuta ya mezani ya mwaka 2012. Kasha limejaa vumbi, feni inaunguruma kama daladala inayopanda mlima, ila gemu linaenda. Kwenye grupu la WhatsApp wanamcheka, wanamwambia aitupe anunue mpya. Yeye anaongeza RAM, anabadili grafiki kadi, maisha yanaendelea.

Wanaomcheka hawajui kuwa ile haki ya kufungua kasha, kutoa kifaa kimoja na kuchomeka kingine, haikudondoka kutoka mbinguni. Kuna watu waliigombania, na mara kadhaa ilinusurika kupotea. Stori yenyewe iko hivi.

1981: Wahandisi 12 na mwaka mmoja

Mambo yanaanzia Boca Raton, Florida, Marekani. IBM, jitu la kompyuta enzi hizo, lilikuwa limechelewa kuingia kwenye soko la kompyuta ndogo. Likateua kikosi cha wahandisi 12 na kuwapa kama mwaka mmoja tu. Kwa muda huo huwezi kubuni kila kitu mwenyewe, kwa hiyo jamaa wakafanya ambacho fundi yeyote wa kitaa angefanya: wakanunua vifaa vilivyokuwepo sokoni. Prosesa ya Intel, programu ya kuendesha mashine kutoka Microsoft, na ndani ya kasha wakaacha sloti 5 za kuchomeka kadi za ziada. Hata michoro ya mashine waliichapisha kwenye kitabu.

Ikatoka tarehe 12 Agosti 1981. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,565 na RAM ya kilobaiti 16. Picha moja ya Instagram leo haienei humo.

Mwaka uliofuata, mameneja watatu waliacha kazi Texas Instruments. Wakakaa kwenye mgahawa wa pai mjini Houston, wakachora mashine yao kwenye karatasi ya kuwekea sahani. Karibu kila kifaa cha IBM kilinunulika dukani isipokuwa BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta. Kuinakili ilikuwa ni kesi mahakamani. Wakatafuta watu ambao hawajawahi kuisoma, wakawaeleza inafanya nini, wakaiandika upya kuanzia sifuri. Ndipo Compaq ikazaliwa, na mwaka 1983, mwaka wake wa kwanza sokoni, ikauza bidhaa za dola milioni 111.

Wengine wakafuata njia hiyo hiyo. Ghafla kadi iliyotengenezwa na kampuni moja ikawa inaingia kwenye mashine ya kampuni nyingine. Hapo ndipo wazo la kuboresha kompyuta kipande kwa kipande lilipopata miguu.

IBM inajaribu kufunga mlango

IBM haikufurahi hata kidogo. Mwaka 1987 ikaleta mashine mpya za PS/2 zenye sloti za aina nyingine kabisa. Kadi zako za zamani haziingii, na kampuni nyingine ikitaka kutumia sloti hizo, ilipe mkwanja kwanza.

Washindani 9, Compaq wakiwemo, wakaungana mwaka 1988 na kutangaza sloti yao wenyewe ambayo bado ilipokea kadi za zamani. Wateja nao hawakukubali kutupa kadi walizozinunua kwa pesa zao. IBM ikashindwa vita kwenye soko lililoanzishwa na mashine yake yenyewe, na mwaka 2005 biashara yake ya kompyuta binafsi ikaenda kwa Lenovo.

Kijana wa Singapore anazipa kompyuta sauti

Kwa wacheza gemu, vurugu lenyewe lilianza na sauti. Kompyuta nyingi za miaka ya 80 zilikuwa na spika ndogo inayolia "piiip". Gemu la vita, "piiip". Gemu la mbio za magari, "piiip".

Huko Singapore, mwaka 1981, kijana mmoja na rafiki yake walifungua kiduka cha kutengeneza kompyuta. Mwaka 1989 kampuni yao, Creative, ikatoa kadi ya sauti iliyoitwa Sound Blaster. Ujanja wao ulikuwa huu: kadi ilielewana na magemu yaliyoandikwa kwa ajili ya kadi ya mshindani wao, AdLib, halafu juu yake wakaongeza sauti za kurekodiwa na sehemu ya kuchomeka joystiki. Mnunuzi alipata vyote kwenye sloti moja. Mwaka 1992 kiduka kile kikawa kampuni ya kwanza ya Singapore kuingia soko la hisa la Nasdaq, Marekani.

Doom, Quake na ugonjwa wa kuapgredi

Tarehe 10 Desemba 1993, kikundi cha vijana wa Texas kiliachia Doom. Sehemu ya kwanza ilikuwa bure, ruksa kumgawia mshkaji. Ili liende ulihitaji angalau prosesa ya 386 na RAM ya megabaiti 4, lakini utamu wenyewe ulikuwa kwenye 486. Watu wengi walifungua kasha kwa sababu ya gemu, wala siyo kwa sababu ya kazi za ofisi.

Mwaka 1996 wakaja jamaa watatu waliowahi kufanya kazi Silicon Graphics, kampuni iliyouza mashine za bei mbaya kwa watengeneza filamu. Kampuni yao mpya iliitwa 3dfx na kadi yao iliitwa Voodoo. Kadi yenyewe ilikuwa ya ajabu: haikuweza hata kuonyesha maandishi ya kawaida kwenye skrini. Ulibaki na kadi yako ya zamani, unachomeka Voodoo pembeni, halafu waya mmoja unapita kutoka kadi moja kwenda nyingine. Ila gemu la pande tatu kama Quake lilipowashwa, ilikuwa kama umenunua kompyuta mpya kabisa.

3dfx hawakudumu. Mwishoni mwa 1998 walitangaza kununua kiwanda ili watengeneze kadi wenyewe, na hapo wakawageuza washirika wao kuwa maadui. Desemba 2000 mali zao zilianza safari ya kwenda Nvidia, kampuni iliyopangwa mwaka 1993 na marafiki watatu kwenye mgahawa wa Denny's. Nvidia hiyo hiyo unayoisikia leo kila mahali.

Prosesa ya maskini iliyomtia aibu tajiri

Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Wacheza gemu wakagundua siri. Ukibadili kasi ya mazabodi kutoka megahezi 66 kwenda 100, prosesa inaruka mpaka 450, na nyingi zilihimili bila kulalamika. Hiyo ni kasi ya Pentium II ya juu kabisa kwa wakati ule, iliyouzwa mara kadhaa ya bei.

Kampuni zikajifunza. Kufikia kizazi cha Intel cha mwaka 2011, mchezo huo ulibanwa sana: ukitaka kuongeza kasi kwa maana, nunua prosesa yenye herufi K mwishoni, nayo ina bei yake. Mlango ambao zamani ulikuwa wazi ukawekewa kiingilio.

Mei 2020: Wateja wanapiga kelele

Ukidhani vita iliisha, subiri kwanza. Mwaka 2017 AMD ilirudi kwa kishindo na prosesa za Ryzen kwenye soketi ya AM4, ikiahidi soketi hiyo itakaa miaka kadhaa. Watu wakanunua mazabodi kwa imani hiyo. Mei 2020 AMD ikatangaza kuwa prosesa zake zijazo hazitakubali mazabodi za B450 na X470, ambazo nyingine watu walikuwa wametoka kuzinunua juzi.

Mitandao ikawaka moto. Ndani ya wiki mbili AMD ikageuza kauli. Mwaka 2022 ruhusa ikafika hadi kwenye mazabodi za 2017, ambazo baada ya kusasisha BIOS ziliweza kubeba Ryzen 7 5800X3D, moja ya prosesa bora za gemu za mwaka huo. Miaka mitano, mazabodi ile ile. Bila zile kelele, maelfu ya kompyuta zingeonekana chakavu kabla ya wakati wake.

Na mshkaji wa 2012 je?

Historia hii ndiyo inayomwambia aanzie wapi. SSD ya inchi 2.5 anayoinunua leo inatumia waya wa SATA, teknolojia iliyoanza 2003, kwa hiyo inaingia kwenye mashine yake bila shida. Hilo ndilo badiliko atakaloliona siku hiyo hiyo. Baadaye RAM, vijiti viwili vinavyofanana kuliko kimoja kikubwa, ila lazima iwe aina ile ile: mashine ya DDR3 haipokei DDR4, hata vijino havikai.

Grafiki kadi ndiyo inayoongeza fremu, na ndipo wengi wanapoliwa. Kadi mpya huingia kwenye sloti ya zamani, lakini siyo kila mpya inakufaa. Radeon RX 6500 XT ya 2022 inatumia njia 4 tu za PCI Express kati ya 16, hivyo kwenye mazabodi ya zamani inapoteza nguvu nyingi. Baada ya tarehe 15 Septemba 2022, Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa grafiki kadi, kadi zilizotumika zilimwagika sokoni. Bei zilishuka, ila nyingine zilikuwa zimefanya kazi usiku na mchana. Omba ijaribiwe na gemu zito mbele yako kabla hujatoa hela.

Wanaonunua mashine za ofisini zilizotumika Ulaya, zile zinazojaa Kariakoo na Luthuli Avenue, waangalie pawa saplai. Nyingi hazifuati vipimo vya ATX, kwa hiyo huwezi kubadilisha na yoyote ile. Ndiyo maana GTX 1050 Ti ya 2016 bado inatafutwa: matoleo yake mengi yanakula wati 75 tu kutoka kwenye sloti, bila waya wa ziada.

Prosesa iwe ya mwisho: tafuta yenye nguvu zaidi inayokubaliwa na soketi yako, basi. Ukivuka hapo unanunua mazabodi, RAM na prosesa kwa pamoja, na hiyo tayari ni kompyuta mpya.

Na sasa kuna mlango mwingine unafungwa. Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 pamoja na Intel ya kizazi cha 8 au mpya zaidi. Kwenye orodha hiyo mashine ya 2012 haimo, hata kama gemu lenyewe bado inaliweza. Wengine wamehamia Linux, ambako tangu 2018 Steam inaendesha magemu mengi ya Windows, ingawa baadhi ya yale ya mashindano ya mtandaoni bado yanagoma.

Mwaka 1988 mlango kama huu ulifunguliwa na kampuni 9. Mwaka 2020 ulifunguliwa na wateja wenyewe. Safari hii nani ataufungua? Mashine yako ina miaka mingapi, na ndani yake kumebaki kifaa gani cha siku ya kwanza? Dondosha komenti hapo chini.