Fedha ya Mchezo na Fedha ya Mfukoni

Msomaji, yamkini umepata kusimama chini ya mwembe ukawatazama wazee wawili wakicheza bao. Kete zao ni 64, nazo hazizidi wala hazipungui. Anayezipoteza huzipoteza kwa kuhesabu vibaya, na anayezipata huzipata kwa akili yake. Sasa tuseme mmoja wao aona kete zinamwishia, akatia mkono mfukoni, akatoa noti, akamwambia mtazamaji mmoja, "Niuzie kete kumi." Mwenzake angefanya nini? Hapana shaka angecheka kwanza akidhani ni mzaha. Na akiisha kuona kuwa si mzaha, angeinuka aende zake.

Jambo hili, ambalo katika bao ni kichekesho, limetendeka kweli katika michezo ya kompyuta ichezwayo na watu wengi kwa intaneti. Limewagombanisha wachezaji kwa zaidi ya miaka ishirini. Historia yake yafaa kusomwa, kwa kuwa ndani ya ugomvi huo wa mchezo mna maswali ya kazi, haki na njaa.

Kwanza yatupasa kufahamu michezo hiyo ni ya namna gani. Mchezaji huingia katika nchi ya kubuni yenye miji, misitu, migodi na masoko, akakutana humo na maelfu ya wachezaji wengine waliokaa mbele ya kompyuta zao katika nchi mbalimbali. Huanza bila kitu. Akitaka upanga au ngao, hana budi kupata sarafu. Na akitaka sarafu, hukata miti, huchimba mawe ya chuma, huvua samaki, au huwaua wanyama wakali na kuuza ngozi na mifupa yao. Kazi hizo ni za kubuni, lakini muda unaotumika ni wa kweli. Mtu huweza kuketi miezi mingi kabla hajavaa vazi ambalo wenzake watalitazama kwa wivu. Kwa hiyo sarafu ya mchezo, ingawa haishikiki kwa mkono, ina kitu kimoja cha hakika ndani yake, nacho ni saa za maisha ya aliyeichuma.

Palipo na kitu kilichogharimu saa nyingi, huja mtu asiye na saa lakini mwenye fedha. Mchezo uitwao Ultima Online ulifunguliwa mwaka 1997, na EverQuest ukafuata mwaka 1999. Haukupita muda mrefu kabla wachezaji hawajaanza kuuziana dhahabu na silaha za michezo hiyo kwa dola za kweli katika mnada wa intaneti uitwao eBay. Mwuzaji na mnunuzi walikutana mahali fulani ndani ya mchezo, mwuzaji akakabidhi mali, na biashara ikaisha.

Mwaka 2001 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Edward Castronova, aliichunguza Norrath, nchi ya kubuni ya EverQuest, kama mtu anayechunguza uchumi wa taifa. Alikuta kwamba sarafu moja ya platinamu ya nchi hiyo ilinunuliwa kwa karibu senti moja ya dola, na kwamba mchezaji wa kawaida alizalisha kwa saa moja mali ya dola tatu na senti kadhaa. Alipolinganisha pato la kila mkazi wa Norrath na mapato ya mataifa halisi, aliliona liko kati ya Urusi na Bulgaria. Watu wengi waliposikia habari hii walicheka. Wafanyabiashara hawakucheka, walipiga hesabu.

Matokeo ya hesabu yao yalionekana upesi nchini Uchina. Huko zilianzishwa nyumba za kazi ambamo vijana walikaa katika safu za kompyuta wakichuma dhahabu ya michezo, nayo ikauzwa kwa wachezaji wa Marekani na Ulaya. Mwaka 2007 mwandishi mmoja wa Marekani alieleza habari za nyumba ya namna hiyo katika mji wa Nanjing: vijana walikesha saa 12 kwa zamu moja, usiku baada ya usiku, kwa ujira wa karibu senti 30 za dola kwa saa. Mambo yakawa kinyume cha desturi: mmoja alilipa fedha ili asifanye kazi ndani ya mchezo, na mwingine alicheza ili apate kula.

Ili tuuone ugomvi wenyewe kwa karibu, tuutazame mchezo mmoja, nao ni RuneScape. Ulitolewa mwezi wa Januari 2001 na Andrew Gower akisaidiana na nduguye Paul, na kampuni yake, Jagex, ilikaa katika mji wa Cambridge, Uingereza. Uliweza kuchezwa bure, na aliyetaka nchi pana zaidi alilipa ada ya uanachama. Kununua dhahabu kwa fedha za nje kulikatazwa na sheria ya mchezo. Lakini katazo hilo lilivunjwa kila siku, na wachezaji wakagawanyika.

Wa upande wa kwanza walisema: "Mchezo ni usawa. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini huanza wote mikono mitupu, na kila mmoja huvuna alichopanda. Mkiruhusu fedha ziingie, mtakuwa mmeleta humu tofauti zile zile tulizozikimbia nje." Wa upande wa pili walijibu: "Huo usawa mnaousema haupo. Mwanafunzi aliye likizoni ana saa kumi za kucheza kwa siku. Mimi nina kazi na watoto, nami napata saa moja usiku. Yeye ana muda, mimi nina mshahara. Akiniuzia dhahabu yake kwa hiari, nani ameibiwa?" Msomaji, usiharakishe kumpa ushindi mmoja wao. Kila mmoja ameshika ukweli, nao kila mmoja ameushika kwa ncha yake.

Kampuni ilikuwa na sababu yake ya kuogopa, nayo haikuhusu usawa peke yake. Wauzaji wa dhahabu walihitaji akaunti nyingi za uanachama, na baadhi yao walizilipia kwa kadi za benki zilizoibwa. Wenye kadi walipogundua, benki zilirudisha fedha zao, na kampuni ikawa hatarini kunyimwa ruhusa ya kupokea malipo ya kadi. Basi ikaamua kuung'oa mti pamoja na mizizi yake. Tarehe 10 Desemba 2007 iliondoa mapigano ya wachezaji katika pori liitwalo Wilderness, ambamo mshindi alichukua mali ya aliyeshindwa. Kwani wauzaji waliitumia njia hiyo, wakijiacha wauawe na mnunuzi ili aokote dhahabu aliyoilipia. Mwezi wa Januari 2008 ikaweka sheria nyingine, kwamba hapana mchezaji atakayempa mwenziwe mali bila kupokea mali ya thamani iliyo karibu sawa nayo.

Wauzaji walipata pigo kubwa. Walakini pigo liliwaangukia na wasiokuwamo. Mchezaji mkongwe hakuweza tena kumpa rafikiye mgeni upanga mzuri wa kuanzia. Ndugu hakuweza kumpa nduguye zawadi. Ile desturi ya matajiri wa mchezo kumwaga vitu chini ili watu wakimbilie kuokota, jambo lililokuwa sherehe yenye vicheko, ikafa. Wachezaji walikusanyika kwa makundi katika miji ya mchezo wakipaza sauti zao, na wengine wakaondoka wasirudi. Ikawa kama soko ambalo, kwa kuwa mna wezi, pametolewa amri kwamba hata sadaka isitolewe humo.

Amri hiyo ilidumu miaka mitatu. Mwisho wa mwaka 2010 na mwanzo wa 2011 kampuni iliwauliza wachezaji wenyewe kwa kura: je, Wilderness na uhuru wa kupeana virudishwe? Zilipigwa kura zaidi ya milioni 1.2, na katika kila 100, 91 zilisema ndiyo. Tarehe 1 Februari 2011 mlango ukafunguliwa. Pamoja na wenyeji waliorudi kwa furaha, waliingia wale wale waliofungiwa nje, wakija na programu za kuchuma dhahabu usiku na mchana pasipo mtu. Zilijaa hata kwenye misitu na migodi mtu hakuona nafasi ya kukata mti. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kampuni ililazimika kuzifagia akaunti za namna hiyo kwa wingi sana.

Kufunga mlango kumeshindikana, na kuufungua kumeleta hasara. Tena ilikuwapo njia ya tatu. Mwezi wa Septemba 2013 kampuni ilianza kuuza hati iliyoitwa Bond. Mwenye fedha huinunua kutoka kwa kampuni, kisha huiuza katika soko la mchezo kwa mchezaji mwenye dhahabu. Mnunuzi wa pili huitumia kulipia siku kadhaa za uanachama. Hivyo mwenye fedha hupata dhahabu, na mwenye muda hupata kucheza bila kutoa fedha za mfukoni. Katika mchezo pacha, Old School RuneScape, uliofunguliwa mwezi wa Februari 2013 kwa ajili ya waliopenda sura ya zamani, hati hiyo iliingia mwezi wa Machi 2015.

Wengine waliusifu mpango huu kuwa ni wa busara, wakisema kwamba dhahabu hiyo ilichumwa na mtu kwa haki, na hapana sarafu iliyozuliwa. Wengine waliuliza swali lenye ncha kali: "Jana mlituambia kununua dhahabu ni kosa la kufukuzwa. Leo mwauza njia ya kuinunua, nanyi mwapokea fedha. Je, kosa lilikuwa katika biashara yenyewe, au katika kutoipitisha mlangoni penu?" Ni swali la haki, na kila serikali inayokataza magendo kisha ikatoza ushuru yapasa iweze kulijibu.

Sasa twafika mahali ambapo mzaha wote wa mchezo wakoma. Tangu mwaka 2014 bei ya mafuta ilipoanguka duniani, uchumi wa Venezuela uliporomoka, na kufikia mwaka 2017 fedha ya nchi hiyo, bolívar, ilikuwa ikipoteza thamani kwa kasi ya kutisha. Mshahara wa chini wa mwezi mzima ulishuka ukawa sawa na dola chache tu. Vijana wengi wakagundua kwamba mchezo wa Old School RuneScape, ambao haukuhitaji kompyuta ya bei kubwa, waweza kuwapa kipato kuliko ajira. Wakaingia Wilderness kuwaua majoka wa kijani, wakauza mifupa na ngozi kwa dhahabu, na dhahabu kwa fedha za kigeni, wakanunua chakula na dawa.

Sheria ya mchezo iliwahesabu kuwa wakosaji. Mwezi wa Septemba 2017 ulienea miongoni mwa wachezaji waraka ulioeleza namna ya kuwawinda Wavenezuela hao kati ya majoka yao. Ugomvi mkubwa ukazuka. Mmoja alisema, "Sheria ni sheria, wanaharibu bei za soko letu." Mwingine alisema, "Wewe ukimwua humo umeshinda mchezo. Yeye akifa humo amepoteza chakula cha jioni." Waliokuwa wakibishana juu ya usawa kwa miaka kumi wakajikuta mbele ya mtu ambaye hakuja kucheza. Nadhani hapo ndipo ugomvi wote ulipoonyesha sura yake. Katazo lililowekwa ili kulinda furaha ya wachezaji lilikuwa sahihi machoni pa mwenye kushiba, nalo lilikuwa zito sana juu ya mwenye njaa. Na mnunuzi wa dhahabu aliyekaa mbali hakuuliza imetoka kwa nani.

Tangu siku hizo jambo limegeuka tena. Michezo mingi inayopendwa na vijana leo haimngoji mchezaji amwuzie mwenziwe. Kampuni yenyewe huifanya sarafu na kuiuza. Sarafu ya namna hii haikuchumwa na mtu yeyote; hutolewa kwa kubonyeza kitufe, na mwenye kuitoa aweza kutoa nyingine bila kikomo. Mwezi wa Desemba 2022 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, wenye mchezo wa Fortnite, watalipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, baada ya kushtakiwa kwamba mpango wa vitufe vyao uliwafanya watu wanunue bila kukusudia, na kwamba watoto waliweza kutumia fedha za wazazi pasipo idhini yao.

Msomaji, siku moja huenda simu ikakuuliza kama wataka sarafu 1,000 za mchezo kwa shilingi kadhaa. Sikukatazi kucheza, wala sisemi kila anunuaye ametenda dhambi. Lakini kabla hujabonyeza, jiulize maswali matatu ambayo historia hii imetufundisha. Kwanza, sarafu hii imetokana na saa za nani, na je, alilipwa ujira wa haki? Pili, kama haikutokana na saa za mtu yeyote, nalipia kitu gani hasa? Tatu, fedha nitakazotoa zimetokana na saa za nani? Swali hili la mwisho usilipite haraka. Mara nyingi jibu lake limeketi nyumbani kwenu, limerudi jioni kutoka kazini, na miguu yake ina vumbi.