Koili ya Pikipiki Ilitoka Wapi?

Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, alisogeza sumaku ndani ya msokoto wa waya, umeme ukapita. Sumaku ilipotulia, umeme nao ulikoma. Shule aliipata kidogo tu. Elimu aliichuma katika vitabu alivyokuwa akivijalidi. Msokoto kama huo ndio koili iliyomo ubavuni mwa injini ya bodaboda yako pale Mbagala, na sumaku huizunguka. Betri isipojaa, taa ikafifia usiku nawe umepakia abiria, huenda koili imeungua. Ukiibadili nyumbani, mwaga oili kwanza, fungua kifuniko, utazame: waya umekuwa mweusi, unanuka moto? Itoe. Mpya uikaze barabara, isiguswe na sumaku. Gasketi kuukuu usiirudishe. Oili itavuja hadi Kongowe.