Selma, Alabama: Historia ya mameya na haki ya kura

Selma ni mji mdogo ulio kando ya Mto Alabama, kusini mwa Marekani. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi wasiofika 18,000, wengi wao Wamarekani weusi. Hata hivyo, meya wa kwanza mweusi hakupatikana hadi mwaka 2000.

Joseph Smitherman, mzungu, alishika umeya mwaka 1964. Wakati huo Kaunti ya Dallas, ambayo makao yake makuu ni Selma, ilikuwa na watu weusi wapatao 15,000 wenye umri wa kupiga kura. Walioandikishwa walikuwa mamia machache tu; wengine walizuiwa kwa mitihani ya kusoma na kwa vitisho. Tarehe 7 Machi 1965, waandamanaji wapatao 600 waliodai haki hiyo walipigwa na askari kwenye Daraja la Edmund Pettus. Agosti mwaka huo, Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Sheria hiyo haikumng'oa Smitherman. Aliacha kutetea ubaguzi, akatafuta kura za weusi, akaongoza hadi mwaka 2000, isipokuwa muda mfupi kati ya 1979 na 1980. Aliyemshinda ni James Perkins, katika jaribio lake la tatu, miaka 35 baada ya sheria kupitishwa. George Evans alichukua nafasi hiyo mwaka 2008, kisha Darrio Melton mwaka 2016, kabla ya Perkins kurejea mwaka 2020. Wote watatu ni weusi.