Mnunuzi wa India Si Bahili, Alifunzwa na Foleni

Kuna story moja hutokea kila biashara kubwa ikianguka: ati wateja "hawakuwa tayari". Ati watu wa mtaa wanapenda bei rahisi tu, hawajui ubora. Mimi hiyo siikubali, na ushahidi wangu leo uko India. Ukifuata vile watu wa miji ya India wamekuwa wakinunua vitu kwa zaidi ya miaka 100, unaona mnunuzi alikuwa na hesabu zake kitambo. Muuzaji ndiye alichelewa.

Tuanze 1905. Waingereza walikuwa wameamua kuligawa jimbo la Bengal mara mbili. Watu wa Calcutta wakajibu kwa mfuko: tarehe 7 Agosti wakapitisha azimio la kususia bidhaa za Uingereza, hasa vitambaa vya Manchester. Harakati hiyo iliitwa Swadeshi, yaani vitu vya nchi yetu. Nguo za nje zilichomwa hadharani, na 1921 Gandhi akawasha moto kama huo Bombay. Lakini ngoja, kuna upande mwingine. Kitambaa cha nyumbani mara nyingi kilikuwa ghali kuliko cha Manchester, kwa hivyo maskini ndio waliumia. Rabindranath Tagore aliliandika hilo kwa riwaya yake Ghare Baire ya 1916. Uzalendo wa tajiri unaweza kuwa njaa ya mwingine. Kumbuka hiyo ukisikia mtu akisema "nunua ya kwetu" bila kuuliza bei.

Baada ya uhuru wa 1947, serikali ikashika usukani. Kiwanda kilihitaji leseni ya kutengeneza kitu, na leseni ikasema utatengeneza ngapi. Matokeo? Foleni. Ukitaka skuta ya Bajaj, unaweka oda na kungoja miaka, wengine karibu kumi. Unaoda ukiwa kijana wa chuo, inakuja ukiwa na watoto wawili. Skuta iliyotumika ingeweza kuuzwa bei kushinda mpya, kwa sababu ile ya mkono wa pili unaondoka nayo leo. Sasa niambie, mtu aliyelelewa hivyo atatupa kitu kwa sababu kimezeeka? Atakitunza, atapeleka kwa fundi, atamwachia mtoto. Huo sio ubahili, ni shule. (Na ndiyo, ni Bajaj ile ile ya boda unayopanda ukienda job.)

Hapo kwa foleni ndipo watu wadogo wakaona nafasi. Mwaka 1969, mkemia mmoja wa Gujarat aitwaye Karsanbhai Patel alianza kutengeneza sabuni ya unga nyumbani, akaipa jina Nirma, jina la binti yake, na kuiuza mlango kwa mlango akiwa na baiskeli. Kilo ilikuwa kama rupia 3, wakati Surf ya kampuni kubwa ilikuwa zaidi ya rupia 10. Wakubwa walicheka. Kufika miaka ya 1980 hawakuwa wanacheka tena. Surf ikatoa tangazo la mama mmoja mkali, Lalitaji, anayepatana bei hata ya nyanya, akieleza kwamba kitu cha bei ya chini na kitu kizuri ni vitu viwili tofauti. Unaona? Ili wamuuzie, ilibidi wakubali kwanza kwamba anajua hesabu.

Kule kusini, Tamil Nadu, familia moja ya Cuddalore ikaweka shampuu kwa vipaketi vya kutumia mara moja. Mtoto wao C.K. Ranganathan akaanzisha yake 1983, Chik, na wakati mmoja ukimrudishia vipaketi vitupu, unapewa kimoja bure. Sisi hii tunaiita kadogo, na tunaijua vizuri: mafuta ya kupimiwa, sukari ya robo. Tofauti ni kwamba hapo mtu aliona mwenye pesa ya leo tu bado ni mteja kamili.

Halafu ikafika 1991. India ilikuwa imebaki na dola za kuagiza bidhaa za wiki chache tu, hadi dhahabu ikawekwa rehani. Julai, waziri wa fedha Manmohan Singh akafungua milango. Kampuni za nje zikaingia zikidhani zimekuta watu wenye kiu. Kellogg ilikuja 1994 na konflakes za maziwa baridi, kumbe wengi asubuhi hutumia maziwa moto, na konflakes zikageuka uji. McDonald's ilipofungua 1996 ilikuwa imejifunza: hakuna nyama ya ng'ombe, na baadaye baga ya viazi ikawa nyota wa menyu.

Kishore Biyani naye alifungua Big Bazaar 2001. Badala ya supamaketi kimya yenye kung'aa, aliweka mchele na dengu wazi ili watu washike kwa mkono kama sokoni, na hakuogopa msongamano. Flipkart, iliyoanza 2007, ilipata nguvu zaidi 2010 iliporuhusu ulipe ukishapokea mzigo. Siri ilikuwa kuheshimu mashaka ya mtu. Kama umewahi kuandika "lipa baada ya kuletewa" kwa ukurasa wako wa kuuza viatu, unaelewa.

Na katika haya yote, duka dogo la mtaa, wao huita kirana, halikufa. Big Bazaar ndiyo ilizama kwa madeni, na 2022 Reliance ikachukua maduka yake mengi. Kirana ina kitu supamaketi haina: daftari la deni. Mwenye duka anajua mshahara wako unaingia lini. Hata noti za rupia 500 na 1,000 zilipofutwa usiku wa 8 Novemba 2016, wenye kirana walibandika karatasi ya kulipia kwa simu na wakaendelea.

Sasa kirana inapigwa na apu za kuleta unga na maziwa kwa dakika kumi. Tamu sana, sikatai. Lakini hizo dakika kumi zinakimbizwa na kijana juu ya pikipiki, na hiyo apu haitakuandikia deni ukifutwa kazi.

Maoni yangu ni haya: Swadeshi, foleni ya skuta na kipaketi cha shampuu zinafundisha kwamba kila ununuzi ni uamuzi wa nani abaki amesimama. Hapa kwetu mama mboga na duka la plot bado wako. Mwezi huu, nani amekuuzia kwa deni bila kukuuliza kitambulisho? Basi ukipata doo, anza na huyo.